Nani kasema Wajapani wa kale hawakulilia watoto wao?

Haya, tumerudi palepale. Mtu kasoma haiku tatu, yale mashairi mafupi mno ya Kijapani, basi ananieleza kwamba washairi wa Japani walikipokea kifo cha mtoto kwa utulivu, kwa kuwa Ubuddha uliwafunza kwamba kila kitu hupita. Ushahidi wake ni lilelile shairi la umande la Issa, mtunzi wa haiku.

Issa alimzika bintiye Sato, aliyekufa kwa ndui mwaka 1819. Anasema dunia hii ni ya umande, naam, ni ya umande, na hata hivyo… Basi, kaishia hapo. Fundisho analijua, analikariri, kisha linamkwama kooni. Utulivu uko wapi?

Tena Issa ni wa juzi. Fungua Man'yoshu, diwani ya kale ya Kijapani ya karne ya nane, juzuu ya 5, usome choka, yaani shairi refu, ya mtoto Furuhi. Jioni mtoto anawashika wazazi mikono: baba, mama, msiniache, nitalala katikati. Kisha maradhi. Baba anashika kioo mkononi, anaomba miungu ya mbinguni na ya ardhini. Mtoto anapokata roho, baba anaruka, anapiga miguu chini, anapiga mayowe, anajipiga kifua. Na katika hanka, shairi fupi linalofuata choka, anataka kumhonga mjumbe wa kuzimu: mwanangu mdogo, njia haijui, nitakulipa, mbebe mgongoni. Sasa niambie huyo kazoea.

Shairi hilo tunalihesabu la Yamanoue no Okura, mshairi wa karne hiyohiyo, na vitabu vya shule huliandika jina lake bila kupepesa. Lakini Man'yoshu yenyewe, mwishoni mwa hanka ya pili, inasema mtunzi hajulikani, ila mtindo unafanana na wa Okura. Hata tukikubali ni yeye, hatujui kama Furuhi alikuwa mwanawe au alimlilia mtoto wa mwenzake. Mimi naegemea la pili, bila ushahidi wa kutosha.

Kinachoniudhi zaidi ni hiyo hoja ya Ubuddha. Mwaka 728, akiwa gavana wa jimbo la Chikuzen, Okura alitunga choka ya kuwawaza watoto: akila tikiti anawakumbuka, akila kuri, kokwa za msituni, ndiyo zaidi, usingizi hauji. Katika utangulizi anamnukuu Buddha: nawapenda viumbe wote sawa na Rahula, mwanangu, na tena, hakuna pendo lipitalo la mtoto. Kisha anahitimisha: ikiwa mtakatifu mkuu alimpenda mwanawe, sisi watu wa kawaida, tulio kama majani tu, tutaachaje? Angalia alivyopindisha. Neno la kwanza linahusu huruma kwa wote, si baba kumpendelea mwanawe. La pili, kwa mtawa, ni onyo juu ya mnaso wa dunia. Okura kayageuza yote mawili kuwa ruhusa! Wapo wasomi wanaoona humo toba, mtu akikiri kwamba amenaswa. Siku nyingine nawaamini. Kisha nafika kwenye hanka, anakouliza fedha, dhahabu na vito vina faida gani mbele ya mtoto, na toba siioni.

Ya karne zilizofuata nayapitia mbio. Mshairi Ki no Tsurayuki alirudi mji mkuu mwaka 935 bila bintiye aliyemfia Tosa, jimbo alilokuwa gavana, na shajara yake haikomi kumtaja. Mshairi Izumi Shikibu alimpoteza bintiye Koshikibu aliyefariki akijifungua, akajiuliza marehemu anamhurumia nani zaidi kati ya waliobaki, mama au watoto. Akajijibu kwamba ni watoto, kwa sababu yeye mwenyewe uchungu wa mtoto ndio ulimzidi. Hayo ndiyo mashairi ya watu wasiolia.