Je, wajua? Kiazi kikuu cha porini ndicho kilichozaa vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa nini basi kukila hakubadilishi homoni?

Ukisimama kwenye kibanda chochote cha dawa za miti shamba, hutakosa unga wa "kuweka homoni sawa". Mara ni uwatu, mara ni soya, mara ni mzizi uliosagwa unaosemekana ni kiazi kikuu cha porini kutoka Mexico. Muuzaji ana hoja yake, tena hoja nzito: hata vidonge vya hospitali vilitoka kwenye mizizi hiyo hiyo, sasa mama, unameza kemikali za nini na mti wenyewe upo?

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli kabisa. Vidonge vilitoka kwenye mizizi. Sehemu ya pili, kwamba kwa hiyo mzizi unafanya kazi ya kidonge, si kweli, na ndiyo inayowapotezea wanawake wengi fedha na miezi ambayo wangekuwa wameshatibiwa. Ili kuelewa kwa nini, lazima tuifuate safari yenyewe ya huo mzizi.

Estrojeni na projesteroni, homoni mbili kubwa za kike, zimejengwa juu ya kiunzi kimoja: pete nne za kaboni zilizoshikana. Mwili huzitengeneza kwa kolesteroli. Mimea nayo ina vitu vyenye kiunzi hicho hicho, lakini kwa shughuli zake yenyewe. Kundi mojawapo ni saponini, zile zinazofanya baadhi ya majani na mizizi kutoa povu ukiisugua kwenye maji. Kwa hiyo mmea unaweza kuwa na kitu kinachofanana sana na homoni yako bila kuwa na homoni yenyewe.

Miaka ya 1930 wanasayansi walikuwa wakiitafuta projesteroni kwa udi na uvumba, kwa sababu walishajua kwamba ndiyo inayoshikilia mimba. Taabu ilikuwa ni kuipata. Mwaka 1934 mkemia Mjerumani Adolf Butenandt alilazimika kutumia ovari za nguruwe 50,000 ili apate miligramu 20 tu, kiasi ambacho kingejaa kwenye ncha ya kucha. Kwa njia hiyo hakuna mgonjwa wa kawaida ambaye angeweza kutibiwa.

Mwaka 1936 watafiti wa Japani wakapata kwenye kiazi kikuu cha porini cha kwao kitu kilichopewa jina la diosijenini. Mkemia Mmarekani, Russell Marker, akaona kwamba kiunzi cha diosijenini ni kile kile cha projesteroni, ila kina mkia mrefu pembeni ambao homoni haina. Akabuni njia ya kuukata. Kisha akaanza kutafuta mmea wenye diosijenini nyingi zaidi, akaupata jimbo la Veracruz, Mexico, mwaka 1942: kiazi kikubwa chenye gamba jeusi lililopasukapasuka, ambacho wenyeji walikiita cabeza de negro. Kampuni za dawa alizozifuata hazikuamini kwamba kuna kazi ya maana ya kemia inayoweza kufanyika Mexico. Marker akaifanya mwenyewe. Kutokana na takriban tani 10 za mizizi alipata karibu kilo 3 za projesteroni, wakati gramu moja iliuzwa dola 80. Mwaka 1944 yeye na wenzake wawili wakaanzisha kampuni ya Syntex katika Jiji la Mexico. Yeye hakukaa hata miaka miwili; waligombana, akaondoka.

Kazi haikusimama. Tarehe 15 Oktoba 1951, kijana wa Kimexico aliyeitwa Luis Miramontes, akifanya kazi Syntex chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz, alikamilisha norethisteroni, homoni ya maabara inayofanya kazi kama projesteroni. Projesteroni ya kawaida ikimezwa huvunjwa na ini kabla haijafanya kazi ya maana, norethisteroni inavumilia. Ikaingia kwenye vidonge vya uzazi wa mpango miaka ya 1960, na hadi leo madaktari huiandika pia kwa hedhi inayotoka kupita kiasi. Nyuma yake walikuwepo maelfu ya wakulima wa Mexico waliokwenda msituni kuchimba barbasco, kiazi kingine cha ukoo huo huo kilichoonekana kuwa na diosijenini nyingi kuliko kile cha Marker. Ni haki watajwe, maana historia za dawa husahau sana watu wenye jembe.

Soya nayo ina sehemu yake. Percy Julian, mkemia Mmarekani mweusi ambaye vyuo vilimnyima kazi kwa rangi yake, mwaka 1940 alianza kutengeneza projesteroni kwa wingi kutokana na mafuta ya soya katika kampuni ya Glidden, Chicago.

Sasa tusogee karibu tuone ule mkia ulikatwaje, maana jibu letu limo humo. Diosijenini inachemshwa ndani ya anihidridi ya asetiki kwenye joto la nyuzi 200 hivi, chombo kikiwa kimefungwa kwa presha. Halafu inaunguzwa kwa asidi ya kromi. Halafu zinafuata hatua nyingine kadhaa ndipo projesteroni ipatikane, na nyingine nyingi zaidi kufika kwenye norethisteroni. Tumbo la binadamu lina nyuzi 37, na mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuifanya kazi hiyo. Ukila mzizi, diosijenini nyingi inapita utumboni na kutoka, na ile kidogo inayoingia kwenye damu inabaki diosijenini. Kumwambia mwanamke ale kiazi ili apate projesteroni ni sawa na kumpa marobota ya pamba avae badala ya kanga.

Krimu za kiazi cha porini zimewahi kupimwa. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa wanawake waliokoma hedhi krimu hiyo kwa miezi mitatu, na miezi mitatu mingine krimu isiyo na kitu, bila wao kujua ipi ni ipi. Homoni hazikubadilika, na vile vipindi vya joto la ghafla havikupungua kuliko kwa krimu tupu. Krimu nyingine zilizouzwa Marekani zilikuwa zimeongezewa projesteroni ya kiwandani. Kama zile zilifanya kazi, haikuwa kwa sababu ya kiazi.

Nisifiche upande wa pili. Mwaka 2005 watafiti wa Taiwan walichapisha jaribio dogo: wanawake waliokoma hedhi walikula kiazi kikuu, cha aina hii hii tunayoipika kwa tui la nazi huku pwani, badala ya wali kwa siku 30, na aina mojawapo ya estrojeni ikapanda kiasi. Ni jambo la kuvutia, lakini walikuwa wanawake ishirini na ushei tu, na walikula sahani mbili kubwa kila siku, si kijiko cha unga kwenye maji ya moto. Kula kiazi kikuu kwa raha zako. Ni chakula kizuri, na hakihitaji kuwa dawa ndipo kiheshimiwe.

Afrika Mashariki pia ilikuwa na mgodi wake wa viunzi hivi, na wengi hawajui. Mkonge, ulioletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, una hekojenini, ndugu wa diosijenini. Kwenye jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu. Yaliyobaki ni maji na makapi ya kijani yanayotiririka kutoka kwenye mashine ya kukamulia, yenye harufu kali na yanayowasha ngozi. Miaka ya 1950 Waingereza walianza kukamua hekojenini kutoka kwenye makapi hayo ya mashamba ya Afrika Mashariki, wakatengeneza dawa za jamii ya kotisoni, zinazotuliza uvimbe na pumu. Dawa hizo nazo ni homoni. Na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kunywa maji ya mkonge ili kutibu pumu.

Je, ina maana mimea haigusi homoni kamwe? Hapana, inagusa, ila kwa njia nyingine.

Miaka ya 1940 wafugaji wa Australia Magharibi walishangaa kuona kondoo wao hawashiki mimba. Madume yaliyohasiwa yakaanza kutoa maziwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1946 ulionyesha chanzo ni malisho: kondoo walikuwa wakila karibu klova tupu, majani yenye vitu jamii ya isoflavoni. Bakteria wa tumbo la kondoo wanavigeuza kuwa ekuoli, nayo inakaa kwenye vipokezi vya estrojeni mwilini, yaani sehemu za seli zinazopokea amri ya homoni hiyo, na kuviamsha.

Soya ina isoflavoni pia, na hapo ndipo hofu ya watu wengi kwamba inaharibu kizazi ilipozaliwa. Lakini kondoo yule alikula majani hayo asubuhi hadi jioni, msimu mzima, na tumbo lake ni kiwanda cha bakteria. Isoflavoni za soya huamsha vipokezi hivyo kwa nguvu ndogo mno kuliko estrojeni yako mwenyewe, na si kila mtu ana bakteria wa kutengeneza ekuoli: kwa watu wa nchi za Magharibi ni kama robo hadi theluthi yao, wakati kwa Waasia wa mashariki hufika nusu au zaidi. Ndiyo maana mama mmoja atakuapia kwamba soya imempunguzia joto la ukomo wa hedhi, na jirani yake asione kitu. Wote wawili wanasema kweli. Kwa ujumla tafiti zinaonyesha nafuu ipo, lakini ni ndogo. Uji wenye soya wa mtoto na wa mama hauharibu kizazi.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu iko jikoni kwa kila mtu na haiuzwi kwenye chupa. Estrojeni ikishamaliza kazi, ini huifunga na kuitupa utumboni kupitia nyongo. Humo bakteria wanaweza kuifungua, ikanyonywa tena na kurudi kwenye damu. Chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, kama maharage, kunde, dona, mtama, matembele na kisamvu, kinapunguza kurudi huko. Estrojeni inatoka na choo. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 1982 uliwakuta wanawake wasiokula nyama wakitoa kwenye choo estrojeni mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaokula nyama, na ya kwenye damu ikiwa chini kidogo. Hakuna mzizi wa ajabu hapo. Ni sahani ya kawaida ya bibi zetu, iliyoanza kuachwa kwa ajili ya sembe na chipsi.

Mlo wa mimea tupu nao una mitego, na huu niseme wazi kwa dada zangu wanaouanza baada ya kuona video. Madini ya chuma ya kwenye mchicha na maharage hunyonywa kwa shida kuliko ya kwenye nyama. Yanasaidiwa na ndimu, machungwa au nyanya kwenye mlo huo huo, na yanazuiwa na chai ya rangi inayonywewa juu ya chakula. Vitamini B12 haimo kabisa kwenye vyakula vya mimea. Lazima itoke kwenye mayai, maziwa, samaki, nyama au kidonge. Na ukila kidogo mno hadi ukakonda, ubongo unapunguza amri zinazokwenda kwenye ovari, hedhi inakata. Wengi wanaolalamika uchovu, kizunguzungu na nywele kukatika, na kuambiwa ni homoni, damu ndiyo imewapungukia.

Na uwatu? Una diosijenini, lakini umeshaona diosijenini inafika wapi. Kina mama waliojifungua hupewa ili maziwa yaongezeke. Tafiti zipo, ni ndogo, na majibu yake yanapishana. Kinachoongeza maziwa kwa hakika ni mtoto kunyonya mara kwa mara; mama naye ale na kunywa vya kutosha. Uwatu unashusha sukari ya damu, kwa hiyo anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari wake, na mjamzito asiutumie kama dawa.

Maneno "homoni zimevurugika" si jina la ugonjwa. Nyuma yake kunaweza kuwa na tezi ya shingo, vifuko vya mayai vyenye vijiuvimbe vingi, homoni ya maziwa iliyopanda, ujauzito, au ukomo wa hedhi unaokaribia, na kila kimoja kina kipimo chake na tiba yake. Unga mmoja hauwezi kuvitibu vyote. Hedhi ikipotea miezi mitatu na huna mimba, nenda ukapimwe. Ukilowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, usisubiri kesho. Na mama aliyekwisha kukoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone moja, hapaswi kuuliza dawa kibandani; aende hospitali wiki hiyo hiyo, kwa sababu damu hiyo inaweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya mfuko wa uzazi, na ikiwahiwa inatibika.