Dawa ya projeria ilipimwaje bila kundi la kulinganisha?

Wanafunzi wangu wa famasia wakifika kwenye somo la majaribio ya dawa huwa wameshakariri kanuni: wagonjwa wapigiwe kura, nusu wapewe dawa, nusu kidonge kisicho na dawa, na asijue mgonjwa wala daktari nani kapata nini. Ndipo ninapowaletea projeria.

Ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 kati ya milioni 4 wanaozaliwa. Anazaliwa akionekana mzima. Kabla ya kutimiza miaka miwili anaanza kudumaa, nywele zinanyonyoka, mishipa ya damu inakakamaa kama ya mzee. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa akiwa na miaka 14 au 15 hivi, kwa moyo au kiharusi. Chanzo kilijulikana mwaka 2003: herufi moja katika jeni ya LMNA imebadilika, na seli inaunda protini yenye kasoro iitwayo projerini. Protini hiyo hubaki na mkia wa mafuta ambao ulipaswa kukatwa, ikanasa kwenye utando wa kiini cha seli na kuuharibu.

Dawa ya kuzuia mkia huo usibandikwe ilikuwapo tayari. Lonafanibu ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na ilikuwa imeshajaribiwa kwa watoto wenye uvimbe wa ubongo. Kwa hiyo kipimo cha kuanzia, miligramu 115 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, mara mbili kwa siku, hakikuhitaji kubuniwa. Bahati ya namna hii ni adimu. Dawa nyingi za watoto hukwama papo hapo kwenye kipimo.

Jaribio lilianza Boston mwaka 2007 kwa watoto 28 kutoka nchi 16, sehemu kubwa ya wote waliojulikana duniani wakati ule. Ukiwagawa, unabaki na 14 kila upande. Na mzazi aliyevuka bahari na mwanawe utamwambiaje kwamba kura imemwangukia kidonge kitupu? Kwa selimundu iliwezekana: Kampala, zaidi ya watoto 200 waligawanywa hivyo kupima dawa ya haidroksiyurea, matokeo yakatoka 2017. Kwa projeria, kila mtoto alilinganishwa na nafsi yake, na kipimo kikuu kikawa kasi ya kuongezeka uzito.

Wanafunzi hushangaa: uzito? Lakini watoto hawa huongezeka kidogo sana, tena kwa mwendo uleule mwaka hadi mwaka. Mwendo huo ukibadilika baada ya dawa, kuna jambo. Tatizo ni kwamba lonafanibu yenyewe huleta kutapika na kuharisha, kwa hiyo mizani ilikuwa inapima faida na madhara kwa mpigo. Matokeo ya 2012, kwa watoto 25: kasi ilipanda kwa asilimia 50 au zaidi kwa 9, ikashuka kwa kiasi hicho kwa 6, na 10 hawakubadilika sana. Kwa mizani peke yake, mimi nisingeshawishika. Kilichonigeuza ni mishipa mikubwa ya damu: ukakamavu wake ulipungua, na mishipa ndiyo inayowaua.

Mwaka 2018 yakaja ya vifo. Watoto 27 waliopewa dawa walilinganishwa na 27 wasiowahi kuipata, wa umri, jinsia na bara lilelile. Baada ya miaka 2 na kitu, alikufa 1 upande wa dawa na 9 upande wa pili. Napenda wanafunzi waishambulie hesabu hii, na hufanya hivyo: mtoto anayeweza kusafiri hadi Boston huenda tangu mwanzo ana nguvu kuliko aliyebaki nyumbani. Hoja ni halali. Ila pengo la 1 kwa 9 ni kubwa mno kulimaliza kwa safari ya ndege.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo Novemba 2020 kwa jina la Zokinvy, kwa watoto wa kuanzia miezi 12. Sasa atakayeleta dawa mpya ya projeria hawezi kumnyima mtoto lonafanibu ili apate wa kulinganisha. Itabidi aongeze dawa yake juu ya lonafanibu, kisha atafute nafuu ya ziada kwa watoto walewale wachache.