Kabla ya Kumfukuza Nyani, Tafuta Kinachomleta

Asubuhi moja tulisimama na mama mmoja wa Barut, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, katikati ya mahindi yaliyobakisha wiki mbili tu kukomaa. Mabua yalikuwa yamelala, maganda yamechanwa kama mtu anavyomenya ndizi, na karibu kila hindi lilikuwa limeng'atwa mara mbili tatu kisha likatupwa. "Wangekula wakashiba ningevumilia," alisema. "Hawa wanaharibu tu." Machungu yake tuliyaelewa. Ile ilikuwa karo ya watoto.

Nyani hatupi hindi ili kumkomoa mwenye shamba. Wanakuja wengi kwa pamoja, kila mmoja akinyakua haraka kabla hawajafukuzwa, na akiona hindi nono zaidi analiachia lile alilonalo. Uzio wa umeme wa hifadhi humzuia nyati na kifaru, lakini nyani ni mkwezi. Kabla ya kuingia shambani, kundi hutazama. Linajua saa ambayo mlinzi huenda kunywa chai. Wakulima wengi pia watakuambia kwamba nyani humkimbia mwanamume mapema kuliko mwanamke au mtoto, kwa hiyo kumwachia msichana wa miaka kumi ulinzi ni kumtwika mzigo usio wake, na kumhatarisha.

Jambo la kwanza ni kujua nani amekuja. Nyani na tumbili hutembea mchana. Usiku hulala juu ya miti au kwenye majabali. Ukiamka alfajiri ukute viazi vimefukuliwa na mabua yametafunwa chini kabisa, tafuta mwiba wa nungunungu. Kwenye matope, wayo mpana wenye vidole vinne ni wa kiboko, na wenzetu wa Dunga kule Kisumu wanaufahamu vizuri. Mbuzi akichukuliwa, tazama kucha: fisi huacha alama za kucha zake ardhini, chui huzificha anapotembea. Bila kusoma alama hizi, utamlaumu mnyama asiyehusika, pengine hata mbwa wa jirani.

Na hapo kwa jirani ndipo penye kazi kubwa. Tulipotoka kwenye lile shamba tulifuata njia ya nyani kwa mguu. Ilipita kwenye kichaka kilichoota mpakani, ikaingia nyuma ya kibanda cha chakula ambako maganda ya viazi na mabaki ya ugali humwagwa kila jioni, ikapita chini ya mparachichi wenye matunda yaliyooza, ndipo ikafika kwenye mahindi. Mama yule alikuwa amelinda shamba lake msimu mzima, kumbe meza imeandaliwa hatua mia mbili kutoka kwake. Mwenye kibanda hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwa hiyo usianze na manati. Anza na mazungumzo, na kama mna ugomvi wa zamani wa mpaka, mwombe mzee wa kijiji au wa Nyumba Kumi awakutanishe. Kubalianeni mabaki yafukiwe shimoni, matunda yaokotwe, kichaka cha mpakani kifyekwe ili nyani wasifike bila kuonekana, na asiwepo anayewarushia nyani ndizi ili watoto wapate kucheka. Nyani aliyelishwa kwa mkono hupoteza woga, na huyo ndiye atakayeingia jikoni. Sanamu ya nguo kuukuu hufaa siku chache tu, kisha huzoeleka.

Sumu tunaikataa kabisa. Dawa ya wadudu iliyopakwa kwenye hindi haimchagui anayelila: ataila mbwa wako, kuku wa jirani, na tai atakayeshukia mzoga. Mtego wa waya nao hunasa mguu wa ndama na wa mtoto vilevile.

Kuhusu fidia, ni heri tuseme ukweli mapema. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataja wanyama ambao hasara yao hulipwa, wakiwemo tembo, nyati na kiboko. Nyani na tumbili hawamo kwenye orodha hiyo, na tunajua hilo linauma. Lakini aliyeharibu akiwa miongoni mwa waliotajwa, piga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, siku hiyohiyo. Piga picha, usilime wala kufagia nyayo, na mwite ofisa wa kilimo akadirie hasara, maana dai lako litapelekwa mbele ya kamati ya kaunti likiwa na ushahidi huo. Hata kwa nyani, ripoti. Maofisa hawawezi kuja mahali wasikokujua. Na mtu aking'atwa na mnyama yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kule Barut, boma nne ziligawana zamu za ulinzi, watu wazima wawili wawili, hadi mavuno. Mwenye kibanda alichimba shimo. Zamu ya kwanza waliipanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla nyani hawajashuka mitini, na chai ikawa inaletwa shambani.