Nani kawaambia uhuru wa Tanganyika ulikuwa wa bure?

Mi nafundisha historia sekondari, na kila ikikaribia Desemba 9 lazima nisikie ile ile, eti sisi uhuru tulipewa mezani tu, hamna aliyekufa, sio kama wenzetu Kenya. Juzi kaniambia mzazi, tena mbele ya mwanae. Inaniuma sana jamani.

Ni kweli TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru, walishinda kwa mikutano na kura, ila hiyo ni 1954 mpaka 1961. Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani je, hamvihesabu? 1905 hadi 1907, Wajerumani walipoona watu wanapigana kwa kuvizia porini wakaanza kuchoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza watu huko kusini, makadirio ya chini ni elfu 75 na wengine wanafika laki tatu. Songea Mbano, nduna wa Wangoni, kanyongwa 1906. Kabla yake kanyongwa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, Old Moshi, 1900. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake lililopelekwa Ujerumani likarudishwa Kalenga, Iringa, 1954, mwaka ule ule TANU inazaliwa. Nyerere mwenyewe alipoenda Umoja wa Mataifa 1956 aliwaeleza habari za Majimaji, yeye kaunganisha hivi vitu sisi tunavikata. Hata Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa wajukuu wa mashujaa, sasa mbona Mjerumani anakiri damu ilimwagika halafu wenye damu tunakataa?

Lingine, eti wapiganaji wa Majimaji walikuwa wajinga kuamini maji ya dawa yatazuia risasi. Ile dawa ndo iliyounganisha makabila ambayo hayakuwa na jeshi moja, na risasi zilipopenya wengi hawakurudi nyumbani, walibadili mbinu.

Eti Nyerere alileta uhuru peke yake. African Association, iliyokuja kuitwa TAA na kuzaa TANU, ilikuwepo tangu 1929, Bibi Titi Mohamed kazunguka kuandikisha wanawake kwa maelfu, Dossa Aziz katoa gari lake kwa kazi za TANU. Na Nyerere aliacha ualimu shule ya Pugu 1955, mshahara ukakatika, mwalimu yeyote anajua hiyo ina maana gani nyumbani.

Na Desemba 9 ni uhuru wa Tanganyika, Tanzania imekuja na Muungano 1964.

Ukipata likizo mpeleke mwanao Makumbusho ya Majimaji pale Songea, msimame kwenye kaburi la pamoja, umsomee majina yaliyoandikwa pale, moja moja, usiruke.