Je, wajua kwa nini Keith Park alirusha ndege zake chache chache?

Kiangazi cha 1940, ndege za Ujerumani zilikuwa zikivuka bahari kwa mamia kuipiga Uingereza. Keith Park, mkuu wa Kundi Namba 11 la ndege za kivita za Uingereza lililolinda London na kusini-mashariki, alizikabili kwa kikosi kimoja kimoja au viwili viwili, kila kimoja ndege kama 12. Leigh-Mallory, mkuu wa kundi la jirani kaskazini, alimlaumu. Alitaka vikosi vikusanywe kwanza angani, vitatu hadi vitano, ndipo vishambulie kwa pamoja.

Jibu ni muda. Mahali pembamba, bahari kati ya Ufaransa na Uingereza ni kilomita 34 hivi. Rada ikishaonyesha adui anajipanga juu ya Calais, pwani ya Ufaransa, Park alibaki na dakika chache za kuwapandisha vijana wake mita 6,000 juu. Wakisubiriana, mabomu yanaanguka. Na wote wakiruka pamoja, wote watatua pamoja kujaza mafuta na risasi. Wimbi la pili likiwakuta hapo, kwisha.

Hilo la mwisho Park alikuwa ameliona kwa macho. Agosti 1918, akiongoza kikosi cha ndege namba 48 nchini Ufaransa, kiwanja chake cha Bertangles kilipigwa mabomu usiku na ndege zikateketea mabandani.

Hata urubani wenyewe aliufikia kwa njia ya ajabu. Alizaliwa Thames, New Zealand, mwaka 1892, akawa karani wa meli, kisha askari wa mizinga Gallipoli, Uturuki, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kule Somme, Ufaransa, 1916, kombora lilimtupa kutoka juu ya farasi. Madaktari wakasema hafai tena kupanda farasi vitani. Akaenda kurusha ndege! Kwa hiyo mwaka 1940, akiwa na miaka 48, aliwajua marubani kwa kuwa alikuwa mmoja wao. Alirusha ndege yake ya kivita, Hurricane, mwenyewe kutoka kiwanja hadi kiwanja kuwasikiliza.

Septemba 15, Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa kwenye handaki la Uxbridge, ambamo Park aliongozea mapigano, akitazama taa za ubaoni zilizoonyesha hali ya kila kikosi. Kila kikosi kilikuwa vitani. Akauliza akiba iko wapi. Park akamjibu kwamba hakuna. Hatari aliyoiepuka kiangazi kizima ilikuwa imemfika, ila dakika hizo wimbi jingine halikuja.

Desemba mwaka huohuo aliondolewa na kupelekwa kusimamia mafunzo, na nafasi yake akapewa Leigh-Mallory. Naona hawakumtendea haki. Julai 1942 alipelekwa Malta, kisiwa kilichokuwa kikipigwa mfululizo. Huko rada ilikuwa imeboreshwa na ndege za Spitfire zilikuwa zimeongezeka, kwa hiyo hakungoja adui afike: aliwatuma marubani wamkute baharini, upande wa Sicily, kisiwa cha Italia alikotokea. Katika wiki chache, mashambulizi ya mchana juu ya kisiwa yakapungua sana.