Tashihisi ya Nchi: Mhusika Anapobeba Jina la Taifa

Tashihisi ni mbinu ya kukipa kitu kisicho na uhai, au dhana isiyoshikika, sifa za binadamu: upepo unalia, njaa inabisha hodi, kifo kinamwita mtu kwa jina lake. Tashihisi ya nchi ni tawi la mbinu hiyohiyo. Mchoraji wa katuni huchukua taifa zima, pamoja na mipaka yake, serikali yake, vita vyake na watu wake, akalivika mwili mmoja na tabia moja, kisha akaliacha lizungumze, ligombane na lipatane na mataifa mengine yaliyovikwa miili vilevile. Uhakiki wa mashabiki kuhusu wahusika wa namna hii ni juhudi ya kueleza, kwa ushahidi wa picha na wa historia, mhusika fulani anasimamia nini hasa, na kwa nini anatenda anavyotenda.

Sarufi ya Kiswahili inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Tukisema "Ujerumani ilitia saini mkataba", kiambishi i- kinaonyesha kwamba tunazungumzia nchi. Tukisema "Ujerumani alitia saini mkataba akiwa amekunja uso", kiambishi a- kinaonyesha kwamba tumehamia kwa mhusika, kijana mwenye nywele za dhahabu ambaye mchoraji amemwita kwa jina la nchi. Lugha isiyo na ngeli inaweza kuificha tofauti hiyo ndani ya kitenzi, ilhali Kiswahili kinamlazimisha mwandishi achague. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya makosa katika uhakiki wa mashabiki hutokea pale mtu anapohama kutoka i- kwenda a-, au anaporudi, bila kutambua kwamba amehama.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko katuni za kisasa. Sarafu za Warumi za karne ya 2 zilimwonyesha Britannia kama mwanamke aliyeketi, na mwaka 1672 alirudishwa kwenye sarafu za Uingereza, akawa ishara ya dola na ya nguvu zake baharini. Hata hivyo, Uingereza hiyohiyo ilipata mwakilishi wa pili, John Bull, aliyebuniwa na John Arbuthnot mwaka 1712: mtu mnene, mwepesi wa hasira, asiyeficha analolifikiri. Wawili hao hawakuwa wakirudiana kazi, kwa sababu Britannia alisimamia dola katika fahari yake, na John Bull akasimamia raia wa kawaida anayebeba gharama za fahari hiyo. Nchini Marekani, Uncle Sam, yule mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye katika bango la James Montgomery Flagg la mwaka 1917 anamnyooshea mtazamaji kidole akimtaka ajiunge na jeshi, ni serikali inayodai wajibu. Marianne wa Ufaransa anasimamia Jamhuri kuliko anavyosimamia nchi, na ndiyo maana utawala wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani na iliyoiondoa Jamhuri mwaka 1940, ulimweka kando. Nchini India, mchoro wa Abanindranath Tagore wa mwaka 1905 ulimwonyesha Bharat Mata, Mama India, akiwa na mikono minne iliyoshika kitabu, mashuke ya mpunga, kitambaa cheupe na tasbihi, na hapo tunaiona nchi kama mama anayelisha na kuvisha, asiye na serikali wala jeshi.

Mifano hiyo inatosha kuonyesha kwamba neno "nchi" linabeba mambo kadhaa kwa pamoja. Kuna dola inayotunga sheria na kutangaza vita, kuna watu, kuna ardhi, na juu ya hayo yote kuna sifa za kubandikwa, yaani yale ambayo majirani husema kuhusu taifa fulani, yawe ya kweli au ya uongo: kwamba hawa ni wakali, wale ni wavivu, wengine hawaishi kula. Mchoraji wa zamani wa gazeti alichora picha moja kwa jambo moja, kwa hiyo alichagua upande mmoja akabaki nao. Mchoraji wa hadithi ndefu hana nafasi hiyo, kwa maana mhusika wake anaishi kurasa mamia, na katika kurasa hizo anakuwa dola leo, ardhi kesho, na kichekesho cha majirani keshokutwa.

Kazi iliyozaa uhakiki mwingi zaidi wa aina hii ni *Hetalia* ya Mjapani Hidekaz Himaruya, iliyoanza kama katuni ya intaneti, ikatolewa kitabu mwaka 2008 na kufanywa anime, yaani filamu ya katuni ya Kijapani, mwaka 2009. Jina lake limeunganisha neno la Kijapani "hetare", lenye maana ya mtu dhaifu asiyetegemeka, na jina la Italia. Mhusika Marekani ni mfano mzuri wa pande kadhaa kati ya hizo kukaa katika mwili mmoja. Miwani yake inasimamia Texas, na ule ushungi wa nywele uliosimama juu ya paji lake unasimamia kisiwa cha Nantucket, kwa hiyo hapo mwili wake ni ramani. Anapougua mafua kwa sababu uchumi umeyumba, mwili huo umekuwa hali ya watu na mali zao. Anapotafuna chakula mkutanoni huku akijitangaza kuwa shujaa wa dunia, tumeingia katika sifa za kubandikwa. Shabiki anayechukua ulafi wa mhusika huyo na kuutumia kuueleza uamuzi wa kweli wa serikali ya Marekani amevuka kutoka a- kwenda i- bila daraja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Prussia. Kihistoria, nchi hiyo ilianzia katika eneo la watawa wapiganaji wa Kiteutoni, ikawa utawala wa mwanamfalme mwaka 1525, ikawa ufalme mwaka 1701, ikaongoza kuundwa kwa Dola la Ujerumani mwaka 1871, na hatimaye ikafutwa rasmi na mataifa yaliyoshinda vita, kwa sheria namba 46 ya tarehe 25 Februari 1947. Katika hadithi, Prussia ni kijana mwenye nywele nyeupe na macho mekundu, anayejisifu mno, mwenye kindege cha manjano, na ndiye kaka wa Ujerumani. Sheria ya 1947 inamhusu moja kwa moja, lakini bado yupo katika matukio ya kisasa. Prussia ilikufa, Prussia hakufa. Swali ambalo mashabiki wamelijadili kwa miaka mingi ni jinsi ya kuvipatanisha vitenzi hivyo viwili.

Jibu moja linasema kwamba Prussia aliendelea kuishi kwa kuwa Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwapo kuanzia mwaka 1949 hadi 1990. Jibu hilo linategemea ardhi, kwa kuwa sehemu ya ardhi ya Prussia iliangukia humo, lakini linasahau kwamba sehemu kubwa nyingine ilichukuliwa na Poland na Muungano wa Kisovyeti, na kwamba Königsberg, mji wa kutawazwa kwa mfalme wake wa kwanza, uliitwa Kaliningrad kuanzia mwaka 1946. Jibu la pili linasema kwamba mhusika anaishi muda wote ambao kuna watu wanaomkumbuka. Jibu hili linampendeza msomaji, ila halielezi kwa nini madola mengine yanayokumbukwa sana yametoweka katika hadithi hiyohiyo. Mimi ninaliona la tatu kuwa na nguvu zaidi: dola la Prussia lilikwisha, lakini mazoea yake ya kiutawala na kijeshi yalikuwa yameshaingia ndani ya Ujerumani iliyounganishwa. Kumchora kama kaka mkubwa asiye na kazi, anayeishi nyumbani kwa mdogo wake aliyemlea mwenyewe, kunaisema historia hiyo kwa usahihi ambao aya nzima ya kitabu ingeutafuta kwa shida.

Mjadala kama huo unamzunguka Dola Takatifu la Roma, mtoto anayekwenda vitani na kumwacha Italia akimsubiri. Dola lenyewe, muungano wa nchi za Ulaya ya kati ambao kwa muda mrefu watawala wake walitoka katika nasaba ya Austria, lilivunjwa mwaka 1806. Mashabiki wengi hudai kwamba mtoto huyo ndiye Ujerumani wa baadaye aliyepoteza kumbukumbu, nao hutaja kufanana kwa nyuso, rangi ya nywele na ya macho. Kufanana kwa nyuso ni ushahidi wa kwenye picha, na unastahili kuhesabiwa, lakini unathibitisha nia ya mchoraji tu. Hauthibitishi kwamba nchi ya Ujerumani ni mrithi halali wa dola lile, jambo ambalo Austria ingekuwa na mengi ya kulisema.

Ndiyo maana wahakiki waangalifu hutenganisha ngazi za ushahidi. Kilichochorwa na kuandikwa na mwenye kazi huitwa kanoni. Linalotolewa kwa hoja kutokana na kanoni ni nadharia. Shabiki anachokiamini kwa sababu kinampendeza, bila kudai kwamba kimo ndani ya kazi, ni imani yake binafsi. Hakuna ubaya katika ngazi ya tatu, ila ikizungumzwa kwa sauti ya ngazi ya kwanza, mjadala huharibika.

Kuna mambo mawili katika *Hetalia* ambayo uhakiki mzuri haupaswi kuyapita haraka. La kwanza ni sitiari ya nyumba. Kutawaliwa, katika hadithi hiyo, ni kuishi nyumbani kwa mwingine. Italia mdogo anafagia na kufuta vumbi katika nyumba ya Austria, na Romano, kaka yake anayesimamia kusini mwa Italia, analelewa nyumbani kwa Hispania. Kihistoria msingi upo: Hispania iliitawala Napoli na Sisilia kwa muda mrefu, na Venezia ilikuwa chini ya Austria hadi mwaka 1866. Sitiari hiyo inafaa kueleza nani alikuwa chini ya nani, lakini inaugeuza utawala wa nguvu kuwa malezi. Madhara yake yanaonekana zaidi pale Uingereza anapomlea Marekani, mtoto aliyekutwa mbugani, mpaka mtoto akakua na kumshikia bunduki katika mvua. Tukio hilo linaliza, nami sidharau machozi ya mtu yeyote. Hata hivyo, vita vya 1775 hadi 1783 vikisomwa kama ugomvi wa ndugu wawili, wenyeji walionyang'anywa ile mbuga na Waafrika waliofanywa watumwa juu yake hawabaki na mahali popote pa kusimama ndani ya fremu.

La pili ni bosi. Wahusika wa *Hetalia* wana mabosi, yaani watawala wa nchi zao, ambao hutoa amri na mara nyingi hawaonyeshwi nyuso. Kwa njia hiyo mchoraji ametenga uamuzi wa dola na tabia ya mhusika. Ujerumani anaweza kuwa kijana mchapakazi, mpenda usafi na mbwa, wakati yaliyotendwa na Ujerumani ya miaka ya 1933 hadi 1945 yanabaki kwa bosi asiyeonekana. Hapa mhakiki anapaswa kuwa mkali. Mhusika akipewa sifa za watu wake, huku makosa ya dola yake yakihamishiwa kwa mtu mmoja aliye nje ya picha, msomaji kijana anaweza kujifunza, bila mtu kumwambia, kwamba taifa halihusiki na lililotendwa kwa jina lake.

Wapo waliolihisi jambo hilo mapema. Januari 2009, kituo cha televisheni cha Kids Station nchini Japani kilighairi mpango wa kuirusha anime hiyo baada ya Wakorea wengi kulalamikia jinsi mhusika Korea Kusini alivyochorwa. Wengine waliona malalamiko hayo kuwa hasira kuhusu kichekesho tu. Mimi naona walisoma kwa usahihi: nchi iliyotawaliwa na Japani kuanzia mwaka 1910 hadi 1945 iliona mtu wake akichorwa na mkono wa Japani kama mdogo msumbufu, anayedai kwamba kila kitu kilibuniwa kwake. Swali la nani anamchora nani ni sehemu ya maana ya mhusika. Kwa sababu hiyohiyo, shabiki anayewaunganisha kimapenzi wahusika wawili ambao nchi zao zilikuwa mvamizi na mvamiwa ana wajibu wa kuonyesha ndani ya maandishi yake kwamba anazungumzia a- na a-, na kwamba i- na i- zina makaburi.

Njia tofauti kabisa ilichukuliwa na Polandball, katuni za intaneti zilizozaliwa mwaka 2009 katika ukumbi wa Kijerumani wa kubandika picha mtandaoni. Humo nchi ni mipira yenye rangi za bendera, isiyo na mikono wala mboni za macho, na Poland amechorwa nyekundu juu na nyeupe chini, kinyume cha bendera yake. Mpira hauvutii mapenzi, hivyo hatari ya kuusamehe kwa uzuri wa sura haipo. Uhaba wa sura unaacha sifa za kubandikwa peke yake, nazo hurudiwa mpaka zikawa kama ukweli.

Narudi kwa mhusika mmoja mpole wa *Hetalia*, Kanada, ambaye wenzake humsahau hata akiwa ameketi kati yao, au humdhania kuwa Marekani. Mashabiki wameandika mengi kuhusu huzuni yake. Kwa kipimo tulichokitumia, kusahauliwa huko hakutuambii lolote kuhusu nchi ya Kanada, iliyoasisiwa kama shirikisho mwaka 1867, na kunatuambia mengi kuhusu jicho linalotazama meza ile. Na jicho hilo linaweza kusomwa pia kwa viti visivyokuwapo. Afrika ina nchi 54 katika Umoja wa Mataifa, na zilizopata mwili katika hadithi hiyo ni chache, miongoni mwao Misri, Kameruni na Shelisheli. Kanada amechorwa akiwa hasikiki, ila nchi nyingi zaidi hazikuchorwa hata zikisahauliwa, na kwa hizo kitenzi kimebaki na i- yake.