Moli za magadi, na kwa nini gesi inazidi kitabu ukiwa Arusha

Magadi yanayouzwa sokoni Arusha na Moshi kwa ajili ya maharage na makande yanafaa sana kufundishia moli (kipimo cha kuhesabia chembe za kikemia), maana ndani yake mna chumvi mbili: sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti, moli kwa moli, zikiwa zimeshikana na maji. Yakiwa safi, fomula yake ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O.

Tuanze na uzito wa moli moja: 106 ya kaboneti + 84 ya baikaboneti + 36 ya maji = gramu 226. Anayesahau ile 36 ya maji anapata 190, na idadi ya moli inazidi kwa karibu asilimia 19 hadi mwisho wa swali. Ukiyashika magadi ni makavu, lakini mizani inayapima maji hayo pia.

Mlinganyo wake na tindikali ya haidrokloriki ni huu:

Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O + 3HCl → 3NaCl + 2CO₂ + 4H₂O

Ile 3 na ile 2 zinahesabu moli tu. Gramu 226 za magadi zinataka gramu 109.5 za HCl. Anayechukua gramu 1 ya magadi kwa gramu 3 za HCl, kwa sababu ameona "1 kwa 3", ametia tindikali zaidi ya mara sita ya inayotakiwa. Kosa hili ndilo ninalolikuta kwenye madaftari kuliko jingine lolote.

Sasa pima gramu 0.226. Gawa kwa 226, unapata moli 0.001. Uwiano unadai moli 0.003 za HCl na unaahidi moli 0.002 za kabonidioksaidi. Kwa myeyusho wa moli 1 kwa lita, 0.003 ÷ 1 = lita 0.003, yaani cm³ 3. Mimi hutia 5 ili tindikali izidi. Kihesabu, cm³ 30 za myeyusho wa moli 0.1 kwa lita zingetosha, ila maji ya joto la kawaida huweza kuyeyusha kabonidioksaidi karibu sawa na ujazo wake yenyewe, hivyo sehemu kubwa ya gesi haitafika kwenye sirinji ya kupimia gesi. Tindikali iwe kwenye kijaribio kidogo ndani ya chupa, kizibo kikaze, ndipo uinamishe. Ukiimwaga kisha ukakimbilia kizibo, gesi ya mwanzo imeshaondoka.

Vitabu vinasema moli moja ya gesi hujaza lita 24 kwenye joto la chumba, kwa hiyo tegemea cm³ 48. Arusha sirinji inapita hapo, na wengi hudhani wamekosea kupima. Hawajakosea: lita 24 ni za usawa wa bahari. Mji uko karibu mita 1,400 juu, na kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 86 badala ya 101. Chukua 24 × 101 ÷ 86, unapata lita 28 hivi kwa moli, yaani cm³ 56, ukitoa chache zilizoyeyuka. Moshi iko chini zaidi, hivyo tumia lita kati ya 26 na 27. Ikija pungufu sana, shuku mawe yenyewe: ya sokoni huwa na chumvi ya kawaida na udongo.

Pana mtego mmoja tindikali inapopungua. Tuseme umeweka cm³ 2 tu, yaani moli 0.002. Uwiano wa 3 kwa 2 unatabiri moli 0.00133 za gesi. Lakini ukiyeyusha magadi kwanza, kisha ukadondosha tindikali polepole huku ukikoroga, inatoka gesi karibu moli 0.001. Sababu ni kwamba tindikali ya mwanzo hugeuza kaboneti kuwa baikaboneti, bila povu lolote, na kazi hiyo inakula moli 0.001. Tindikali iliyobaki ndiyo inayotoa gesi, moli moja kwa moli moja.